Okidi: umpande kwenye makumbi au mkaa?

Okidi wengi wanaouzwa kwenye vyungu kwa asili huishi juu ya miti, mizizi ikiwa hewani. Udongo wa bustani huwaozesha.

Makumbi ya nazi hushika maji vizuri, kwa hiyo anayesahau kumwagilia atayapenda. Kazi iko kwenye kuyaandaa. Yakate vipande vya sentimita 2 hivi, yaloweke siku mbili tatu, ukibadilisha maji kila siku mpaka yaache kutoa rangi ya chai. Usiruke hatua hii, maana makumbi huwa na chumvi, hasa yale yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kamba, nayo huunguza ncha za mizizi. Baada ya miaka miwili au mitatu huoza na kuziba hewa; badilisha.

Mkaa hauozi upesi. Upondeponde, uchekeche, uoshe vumbi, basi. (Chenga za chini ya gunia waachie wapishi.) Ila hukauka haraka: wakati wa kaskazi huenda ukamwagilia kila siku.

Mimi, kwa chungu cha plastiki ningechagua mkaa mwingi na makumbi kidogo. Kwa kikapu cha kuning'inia, makumbi.