.30-06 au .300 Winchester Magnum kwa kuwinda elki?

Kwa wawindaji wa elki, yaani kulungu mkubwa wa Amerika Kaskazini, milimani Colorado, Marekani, mjadala mara nyingi huangukia risasi hizi mbili. .30-06 ilipokewa na jeshi la Marekani mwaka 1906; .300 Winchester Magnum ilitoka 1963. Vichwa vyake, yaani sehemu inayoruka kutoka mtutuni, vina kipenyo kilekile, milimita 7.8. Tofauti iko kwenye ganda: la Magnum hubeba baruti nyingi zaidi.

Chukua kichwa cha gramu 11.7. .30-06 hukirusha kwa takriban mita 820 kwa sekunde, Magnum takriban 900. Faida hiyo huonekana hasa kuanzia mita 300, unapolenga ng'ambo ya bonde. Karibu zaidi ya hapo, elki dume wa kilo 300 aliyepigwa mapafuni kwa .30-06 kwa kawaida haendi mbali.

Kinachonifanya niegemee .30-06 ni bega. Magnum ikifyatuliwa, bunduki husukuma bega la mpigaji vibaya sana. Mtu akishaumia mazoezini huanza kufumba macho na kuvuta kifyatuo kwa pupa, na risasi huingia tumboni badala ya nyuma ya bega la mnyama. Elki huyo atakimbia na maumivu yake, na huenda usimpate kabisa. Hakuna kasi inayoliponya hilo.

Kama umeizoea Magnum na unapiga mbali, ichukue. Kwa yoyote kati ya hizi, nunua kichwa kigumu, mathalani cha shaba tupu. Kilicho laini huweza kusambaratika kwenye mfupa wa bega kabla ya kufika moyoni.