Feni na Taa za Dharura kwa Jengo la Biashara: Cha Kununua Kwanza, Kisumu na Nakuru

Ukiwa na jengo la biashara la orofa mbili au tatu na pesa za kuhesabu, nunua taa za ngazini kwanza, kisha feni za jikoni na vyooni, na ukumbi uje mwisho. Wenye majengo wengi hufanya kinyume, na sababu yao inaeleweka: mpangaji hulalamikia joto kila mchana, ilhali ngazi yenye giza haina wa kuilalamikia mpaka siku ya mkasa. Mpangilio ninaoutoa hapa unafaa duka, hoteli ya chakula, saluni, kliniki ndogo, ofisi za kupangisha na godauni. Hospitali kubwa zina wahandisi wao.

Taa za dharura

Usiku wa 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, na kwingi haikurudi hadi siku iliyofuata. Tangu hapo wapo wanaoingia dukani wakiulizia taa ya dharura ya kukesha nayo. Hiyo ni kazi ya sola au jenereta. Taa ya dharura inanunuliwa ili kuwatoa watu nje: iwake yenyewe, imulike ngazi na kona, mtu aone mlango ulipo.

Bidhaa nyingi zinazoingia nchini hutaja kiwango cha Ulaya, EN 1838. Kinataka angalau luksi 1 (kipimo cha mwanga unaofika mahali) sakafuni, katikati ya njia ya kutokea, na taa idumu saa 1 au zaidi. Madukani utakuta za saa 1 na za saa 3. Huku kwetu chukua ya saa 3 bila kujadiliana. Betri iliyoisha huchukua hadi saa 24 kujaa tena, na kuna siku mtaa wa Kondele, Kisumu, stima inakatika asubuhi, inarudi, inakatika tena magharibi. Taa ya saa 1 itakuwa imekwisha kabla maduka hayajafungwa.

Nafasi ya kwanza naipa taa ya ukutani ya LED yenye betri yake ndani, ile ya umbo la mstatili. Kila moja inajitegemea, kwa hiyo moja ikifa nyingine zinaendelea. Hakikisha ina kitufe cha kujaribia na kitaa kidogo cha kijani kinachoonyesha inachaji. Fundi aiunganishe kwenye saketi ileile inayomulika sehemu hiyo, waya ukitoka kabla ya swichi. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Taa ikivutiwa waya wake peke yake kutoka kwenye bodi, breka ya ngazi ikikatika yenyewe taa ya dharura itaendelea kuona stima ipo, na itatulia tu huku watu wakipapasa ukuta.

Ziko zinazowaka muda wote na ziko zinazosubiri stima ipotee. Kwa ngazi na korido, za kusubiri zinatosha. Ukumbi unaozimwa taa wakati wa sherehe au sinema unahitaji zinazowaka muda wote.

Ya pili ni bango la kutokea lenye mwanga ndani. Watu hununua dogo kwa sababu ni la bei nafuu na halichafui ukuta uliopakwa rangi juzi. Kipimo ni rahisi: bango lenye mwanga wake husomeka kwa umbali wa mara 200 ya kimo cha alama. Alama ya milimita 150 inaonekana mita 30, inayotosha korido nyingi za mjini. Bango la plastiki lisilo na taa, linalotegemea mwanga wa nje, hupata nusu ya umbali huo, na gizani halikusaidii kitu.

Ya tatu ni kifurushi cha betri kinachofungwa kwenye taa ya kawaida iliyopo tayari. Kwa ofisi zenye dari ya jipsamu kinapendeza, kwani hakuna kinachoonekana. Ila lazima kilingane na taa yenyewe, na mwanga wake wa dharura huwa sehemu ndogo tu ya ule wa kawaida. Soma namba ya lumeni za dharura, yaani kiasi cha mwanga inachotoa stima ikipotea, usidanganywe na wati za taa.

Ya nne ni ile ya macho mawili. Inamulika mbali na inafaa godauni au ukumbi wa kanisa wenye paa refu. Kwenye korido nyembamba inamchoma mtu macho. Nyingi hubeba betri ya asidi, ambayo haivumilii joto.

Mwisho kabisa naweka balbu ya kuchaji, ile ya shilingi mia kadhaa ambayo muuzaji huiwasha kwa kuishika na vidole viwili. Nyumbani ni nzuri, na juu ya kaunta ya duka haina ubaya. Ngazini hapana. Balbu hiyo hujua stima imepotea kwa kuhisi vifaa vingine vilivyo kwenye waya uleule. Swichi ikizimwa inanyamaza, kwa sababu inadhani umeizima kwa kupenda. Breka ikikatika na hakuna kifaa kingine kwenye saketi hiyo, inadhani vivyo hivyo. Na moto wa stima mara nyingi huanza kwa kukata breka.

Wapo wenye inveta na sola tayari, wanaotaka kuwasha taa zote za dharura kutoka hapo. Inawezekana, lakini basi nyaya zake ziwe za kustahimili moto na ziwe na njia yake, la sivyo moto ukila waya mmoja orofa ya chini unazima jengo lote. Ukijumlisha gharama ya nyaya hizo, taa zenye betri zake huwa rahisi kwa jengo dogo.

Betri ndiyo uhai wa taa hizi. Betri ya asidi hupoteza takriban nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 za joto linalozidi, na chini ya mabati ya Kisumu saa nane mchana joto ni la kuoka mkate. Tafuta lithiamu ya aina ya LiFePO4, au nikeli-kadimiamu, ambayo ni ya zamani lakini inavumilia joto. Fungua boksi hapohapo dukani utazame tarehe ya kutengenezwa: betri iliyolala rafuni muda mrefu bila chaji huanza kazi ikiwa imechoka.

Jambo la mwisho kuhusu taa ni la watu wa ziwani. Wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi hufuata mwanga, na taa yenye mwanya huwameza. Ukiifungua unakuta tabaka la vumbi jeusi limeziba nusu ya kioo, na luksi zako zimebaki kwenye karatasi. Kwa Kisumu, Homa Bay na Busia upande wa ziwa, chukua IP65, yaani iliyozibwa isipitishe vumbi wala maji ya kurushiwa, hata kwa korido ya ndani iliyo karibu na mlango. Nakuru mjini, ndani ya jengo, ya kawaida inatosha.

Feni za kutoa hewa

Kabla ya feni, tambua shida yako. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, joto na unyevu vinakaa pamoja, na kinachotakiwa ni kutoa hewa moto. Nakuru iko karibu mita 1,850. Huko watu hufunga madirisha kwa sababu ya baridi ya asubuhi na vumbi, kwa hiyo hewa inachakaa ndani hata kama hakuna anayetokwa jasho. Mtu wa Nakuru anahitaji hewa mpya iingie ikiwa imechujwa. Feni moja haitibu magonjwa hayo mawili kwa namna moja.

Hesabu ni hii. Kila mtu anahitaji takriban lita 10 za hewa mpya kwa sekunde. Hoteli yenye wateja 30 inahitaji lita 300 kwa sekunde, yaani mita za ujazo 1,080 kwa saa. Kama karatasi ya feni imeandikwa CFM, yaani futi za ujazo kwa dakika, zidisha kwa 1.7 upate mita za ujazo kwa saa. Kwa hoteli hiyo tafuta CFM 635 hivi. Mwenye karakana ya kushona au ofisi iliyobanana akumbuke pia Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007: kila mfanyakazi awe na nafasi isiyopungua mita za ujazo 10, bila kuhesabu iliyo juu ya mita 4.5 kutoka sakafuni. Chumba cha mita 8 kwa 6 chenye kimo cha mita 3 kina mita za ujazo 144, kwa hiyo wafanyakazi ni 14, na feni haikuongezei hata mmoja.

Namba iliyo kwenye boksi hupimwa feni ikiwa wazi, bila kitu mbele yake. Ukiweka bomba la mita kadhaa lenye kona mbili, feni ya panga za kawaida huenda isifikishe hata nusu. Uliza mchoro unaoonyesha hewa inapunguaje shinikizo likipanda. Muuzaji asipokuwa nao, hiyo feni ifungwe tu pale ukuta unapotazama nje moja kwa moja.

Kwa vyumba vya katikati ya jengo, ambavyo mitaa ya zamani ya mjini imejaa, nafasi ya kwanza ni feni ya kufungwa ndani ya bomba. Inasukuma hewa mbali, haina kelele nyingi, na moja inaweza kuhudumia vyoo viwili au vitatu. Ni ghali kuliko ya dirishani. Yenye mota ya EC, isiyokula stima nyingi, ni ghali zaidi, lakini kama inafanya kazi kutwa nzima, bili ya stima italeta tofauti.

Ya pili ni feni ya chuma ya ukutani, inchi 12 hadi 16, yenye vibao vinavyojifunga ikizimwa. Kwa duka, saluni au chumba chenye ukuta wa nje, sioni sababu ya kutafuta kingine. Bila vibao hivyo utapata mvua ya Kakamega na popo kwa pamoja. Chagua yenye beringi za gololi za chuma. Zile za bushi hulia mapema.

Ya tatu ni kofia ya bati inayozunguka juu ya paa. Haitumii stima, na mchana upepo wa ziwa unaizungusha vizuri. Kwa godauni la Kisumu naitanguliza mbele ya feni zote. Kwa ofisi yenye dari haifai, kwa kuwa inavuta hewa ya darini na kuwaacha waliomo chini walivyokuwa.

Ya nne ni ile ndogo ya plastiki ya inchi 6. Choo kimoja, basi.

Kiyoyozi cha ukutani sikiweki kwenye orodha. Kinapoza hewa ileile iliyomo na kuizungusha, hakileti mpya. Saluni iliyofungwa madirisha kwa ajili ya kiyoyozi ndiyo yenye harufu kali ya dawa za nywele kuliko zote. Na kwa kliniki, hasa chumba cha kusubiri chenye watu wanaokohoa, madirisha makubwa yaliyo wazi pande mbili yatashinda karibu kila feni utakayomudu.

Jiko la hoteli lina habari yake. Usifunge feni ya kawaida juu ya sufuria za mafuta. Mota itakaa kwenye mvuke wa mafuta mpaka siku iwake. Kofia ya jiko, ile ya kuvuta moshi, iwe na vichujio vya vibao vya chuma cha pua, vinavyomwaga mafuta kwenye kikombe, si wavu wa aluminiamu peke yake. Feni iwe ile ya gurudumu (centrifugal), mota ikiwa nje ya njia ya moshi. Bomba liwe na milango ya kusafishia, na litoke hadi juu ya paa. Likiishia dirishani kwa mpangaji wa juu, utalipia mashuka yake. Swichi ya kuzima feni iwe karibu na mlango wa kutokea, kwani moto ukiingia bombani, feni inayoendelea kuvuta inauchochea.

Kisha kuna kosa linalojirudia hata kwenye majengo mapya: feni kubwa, na hewa haina pa kuingilia. Kwa ile hoteli ya mita 1,080 kwa saa unahitaji tundu la kuingizia hewa la takriban sentimita 40 kwa 50, upande wa pili wa chumba. Nakuru liwekee kichujio kinachofulika. Kupima ni kazi ya dakika moja: shika kipande cha tishu mbele ya feni, kinapaswa kunaswa. Kisha funga mlango. Tishu ikianguka, feni inavuta utupu.

Dukani na kwa fundi

Angalia stika ya KEBS (shirika la viwango), volti 240 na hezi 50, na uulize kama betri ya akiba inauzwa peke yake. Taa ambayo betri yake haipatikani ni ya kutupwa baada ya miaka michache. Risiti iandikwe modeli kamili, la sivyo dhamana ni maneno matupu. Nyaya zifungwe na fundi mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya nishati), na umwombe namba yake kabla ya kazi kuanza.

Salio lisilipwe siku ya kufunga. Acha taa zichaji saa 24, kisha jioni zimeni breka ya ngazi peke yake, halafu breka kuu, na mpande wote kutoka chini hadi juu mkihesabu zilizowaka. Ziacheni saa 3 kamili. Baada ya hapo mlinzi abonyeze kitufe cha kila taa mara moja kwa mwezi na aandike kwenye daftari, na jaribio la saa 3 lirudiwe kila mwaka, siku ambayo jengo limefungwa.