Kushusha mbao Usambara: reli ya Sigi na waya wa Mkumbara

Enzi za Wajerumani, reli ya Sigi, chini ya Amani, yenye upana wa milimita 750, iliungana na reli ya Tanga pale Tengeni. Penye mwinamo mkali ilipigwa zigizaga: treni iliingia kipande cha reli kisicho na njia mbele, swichi ikageuzwa, kisha ikaendelea kinyumenyume. Urefu wa kipande hicho ndio uliokuwa kikomo cha idadi ya mabehewa. Mvua ilipokula tuta, kazi ilisimama.

Kutoka Shume, juu milimani, kushuka ni genge tupu. Reli ingekuwa ghali mno. Kampuni ya Bleichert ya Leipzig ikafunga waya wa kuning'inizia mizigo hadi Mkumbara, chini kwenye reli ya Tanga. Mzigo uliokuwa ukishuka ulivuta vibebeo vitupu juu, breki ikizuia kasi. Ila waya ulibeba kidogo kidogo, hivyo mwangati, mti wa mbao wa huko, ulipasuliwa hukohuko juu. Kwa Shume, waya ulistahili kabisa.