Kuchapa ukiwa mgeni Mwanjelwa: Wi-Fi au Bluetooth?

Umeshuka Mbeya, barua iko kwenye simu, unataka ichapwe kwenye steshenari ya Mwanjelwa.

Ukipewa Wi-Fi ya dukani, simu inauliza mtandao mzima kwa mpigo mmoja, "nani hapa anachapa?", kupitia anwani 224.0.0.251, na printa inajibu yenyewe kwa jina lake. Utaratibu huo ndio mDNS. Simu nyingi za sasa hazihitaji hata kuongezewa programu. Ila swali hilo halivuki ruta, kifaa kinachounganisha mtandao mmoja na mwingine. Nyumba moja ya wageni nilikofikia, printa ilikuwa mezani mbele yangu na simu haikuiona: Wi-Fi ya wageni ilitenganishwa na ya ofisi. Nilihangaika nusu saa nikidhani simu imekufa.

Bluetooth haitaki ruta: unatuma faili kwenye kompyuta ya dukani, nayo ndiyo inachapa. Simu na kompyuta zinaonana ndani ya mita kama 10, hata umeme ukikatika, mradi kompyuta ina betri (japo printa itakuwa imelala). Faili kubwa linajikokota. Halafu mwenye duka anasema, "Tuma tu, kaka," na barua yako inabaki kwenye kompyuta ya dukani.

Picha ya shamba la chai la Tukuyu nitatuma kwa Bluetooth. Cheti changu, Wi-Fi.