Ubao wa Dira 64 kutoka Igoma: Tathmini ya Mwalimu wa Fizikia

Mwezi uliopita nilinunua, kwa fedha yangu na si ya shule, ubao wa kufundishia spini (tabia ya asili inayoifanya chembe kama elektroni iwe kama sumaku ndogo) na mifumo ya chembe nyingi, unaotengenezwa na karakana moja ndogo iliyoko Igoma, hapa Mwanza. Ni ubao wa mninga wenye dira ndogo 64 zilizopangwa safu nane kwa nane chini ya kifuniko cha plastiki angavu, na unauzwa kwa shilingi 85,000 pamoja na kitini cha kurasa 24 kilichoandikwa kwa Kiswahili. Ninafundisha fizikia kidato cha tano na cha sita, na kwa majuma manne nimeutumia na wanafunzi wachache wanaopenda kubaki Ijumaa baada ya vipindi. Ninayoyaandika hapa yametokana na matumizi hayo, na mengi yanahusu ukurasa mmoja wa kitini, ule wa 9, kwa sababu hapo ndipo chombo hiki kizuri kinapomdanganya mnunuzi.

Kuhusu ufundi sina manung'uniko makubwa. Pembe za ubao zimeunganishwa kwa meno na gundi badala ya misumari, jambo ambalo si la urembo, maana msumari mmoja wa chuma ungetosha kuzivuruga sindano zote zilizo karibu nao. Niliusafirisha kwa daladala kutoka Igoma hadi Kirumba ukiwa magotini na haukupata hata ufa. Kasoro niliyoiona ni kwamba sindano tano zilikuwa zikikwaruza sakafu ya vidumba vyake. Sababu yake inaeleweka: Mwanza iko kusini mwa ikweta ya sumaku ya dunia, kwa hiyo ncha ya kusini ya sindano huvutwa chini, na dira nyingi za bei nafuu hazikusawazishwa kwa ajili ya eneo letu. Niliporudi karakana fundi hakubishana nami. Alitia tone dogo la nta kwenye ncha ya kaskazini ya kila sindano iliyoinama, akazizungusha moja moja kwa kijiti cha kiberiti, akanirudishia bila malipo. Atakayeununua azijaribu zote 64 kabla ya kulipa, tena mbali na meza ya chuma na mbali na simu, kwa kuwa spika ya simu ina sumaku.

Kile ambacho ubao huu unakifanya vizuri ni kuonyesha kuwa wingi una tabia zake. Dira moja ukiiweka mezani huelekea kaskazini, na habari yake imekwisha. Ukiziweka 64 karibu karibu, ukazivuruga kwa kipande cha sumaku kisha ukakiondoa haraka, hutetemeka kwa sekunde kadhaa halafu hutulia katika makundi: safu hii imefuatana kichwa kwa mkia kuelekea upande mmoja, safu ya jirani yake imefuatana kuelekea upande wa pili, na katikati ya makundi hayo hubaki mipaka yenye sindano zilizopinda ambazo hazijui zimfuate nani. Ukirudia jaribio, mipaka huangukia mahali pengine. Mwanafunzi wangu mmoja aliuliza ni sindano ipi iliyoamua, na swali hilo pekee lilinirudishia sehemu ya shilingi zangu, kwa sababu jibu ni kwamba hakuna hata moja. Kitini kinafananisha hali hii na mitumbwi iliyotia nanga Mwaloni ikageuka pamoja. Mfano huo unapendeza masikioni lakini haufai, kwani mtumbwi hugeuzwa na upepo, haugeuzwi na mtumbwi jirani, na mkazo wa somo zima uko kwa jirani.

Sasa ukurasa wa 9. Hapo kitini kinasema, kwa herufi nzito, kwamba kipande cha chuma huwa sumaku kwa sababu atomu zake ni sumaku ndogo zinazovutana na kupangana kama sindano za ubao huu. Nusu ya kwanza ya sentensi hiyo ni kweli. Nusu ya pili si kweli, na ubao wenyewe unaikanusha mbele ya macho ya mtumiaji: sindano mbili zilizolala ubavu kwa ubavu hupendelea kuelekea pande zinazopingana, ndiyo maana safu jirani zinageuziana migongo, ilhali ndani ya eneo moja la chuma kilichosumakishwa spini huelekea upande mmoja. Isitoshe, hesabu inakataa. Atomu ya chuma ina usumaku wa takribani magnetoni 2.2 za Bohr (kipimo cha usumaku wa atomu), na majirani wawili wameachana kwa nanomita 0.25 hivi. Ukikokotoa nishati ya sumaku mbili za ukubwa huo kwa umbali huo, unapata kiasi kinacholingana na joto la kelvini 0.2, yaani karibu kabisa na sifuri kamili, baridi isiyo na chini yake. Hata ukijumlisha majirani wote hutoki kwenye kiwango cha kelvini moja au zaidi kidogo. Chuma hubaki sumaku hadi kelvini 1043, yaani nyuzi 770 za Selsiasi. Kama maelezo ya ukurasa wa 9 yangekuwa sahihi, hakuna sumaku ya kudumu ambayo ingedumu katika joto la Mwanza, wala la mahali pengine popote ambapo mtu anaweza kuishi.

Maelezo sahihi yalitolewa na mwanafizikia Heisenberg mwaka 1928, na nguvu anayoizungumzia, ajabu ya mambo, asili yake ni ya umeme. Elektroni mbili hazitofautishiki kabisa. Kanuni ya Pauli ya mwaka 1925, katika sura ya kihisabati iliyopewa mwaka uliofuata na Heisenberg na Dirac, inadai kwamba ukizibadilishana elektroni hizo, maelezo ya jozi nzima yageuze alama kutoka chanya kwenda hasi. Spini zikielekea upande mmoja, sehemu ya spini haigeuki alama, kwa hiyo sehemu inayohusu mahali ndiyo inayolazimika kugeuka, na sharti hilo huzifanya elektroni ziepukane. Zikiepukana, msukumano wao wa umeme hupungua na nishati hushuka. Msukumano wa umeme kati ya elektroni ni mkubwa mara nyingi sana kuliko mvuto wa sumaku zao, na ndiyo sababu mpangilio unastahimili joto kali. Katika chuma halisi hesabu ni ngumu zaidi, kwa kuwa elektroni zenyewe hutembea kutoka atomu hadi atomu, lakini kiini cha jambo ni hicho. Nilimweleza fundi kwamba aya moja ya namna hiyo ingetosha, naye akanijibu, “Mwalimu, mimi nilitaka mtu aone kwanza, aelewe baadaye.” Ninamwelewa. Hata hivyo kilichoonwa vibaya ni kazi ngumu kukifuta, na walimu tunalijua hilo kuliko mafundi.

Kwa haki, kurasa zinazotangulia ni nzuri, na mbili kati yake ni nzuri kuliko nilivyotarajia. Ukurasa wa 4 unasimulia jaribio la Stern na Gerlach la mwaka 1922 huko Frankfurt, ambapo mwali wa atomu za fedha ulipitishwa kwenye uga wa sumaku usio sawa kila mahali, ukagawanyika katika mistari miwili badala ya kutawanyika kama mkanda. Kitini hakikuficha kwamba wakati ule wenyewe hawakuwa wakitafuta spini, ambayo ilipendekezwa na Uhlenbeck na Goudsmit miaka mitatu baadaye. Kisha kinaonya, na hapa nilipigia mstari, kwamba sindano ya dira yaweza kusimama kwenye pembe yoyote, lakini elektroni ikiulizwa hutoa jibu moja kati ya mawili tu. Mfano wake wa namba ni mzuri: spini iliyoandaliwa kwa pembe ya nyuzi 60 kutoka wima hujibu “juu” mara 75 katika 100 na “chini” mara 25, na wastani wa majibu hayo ni nusu, sawasawa na kivuli cha sindano iliyoinama nyuzi 60. Kwa maneno mengine, sindano ni picha ya wastani. Laiti ukurasa wa 9 ungeandikwa na mkono ulioandika ukurasa huu.

Ukurasa mwingine ninaousifu unamtaka msomaji aweke sahani kiganjani na kuizungusha mzunguko kamili bila kuimwaga. Baada ya nyuzi 360 sahani imerudi ilipokuwa lakini mkono umejipinda. Ukiendelea na mzunguko wa pili kwa upande uleule, mkono hunyooka. Spini nusu, yaani ya chembe kama elektroni, hufanya vivyo hivyo: mzunguko mmoja huipa alama ya hasi, na miwili huirudisha. Mwaka 1975 jambo hili lilipimwa kweli kwa miali ya nyutroni iliyogawanywa na kuunganishwa tena. Wanafunzi wangu walilifanya kwa sahani ya ugali, bila ugali, baada ya ajali ya kwanza.

Kurasa za mchezo wa sarafu, unaoiga modeli ya Ising (spini zinazoelekea juu au chini tu, kila moja ikiathiriwa na majirani zake), zinapita haraka mno. Zinataja kwamba Ising mwaka 1925 alithibitisha kuwa mstari mmoja wa spini haujipangi katika joto lolote lililo juu ya sifuri kamili, na kwamba Onsager mwaka 1944 alionyesha kwamba bapa la spini hujipanga, lakini hazimwambii msomaji afanye nini na sarafu hizo ili aione tofauti. Tuliziruka.

Upungufu mkubwa wa pili, baada ya ule wa ukurasa wa 9, uko kwenye sehemu ya mwisho inayohusu jozi zilizofungamana, yaani spini mbili ambazo hali yake haiwezi kuelezwa moja moja. Kitini kinachora sindano mbili, moja juu na moja chini, na kuiita hiyo hali ya chini kabisa, yaani yenye nishati ndogo kuliko zote, ya spini mbili zinazopingana. Sivyo. Hali ya chini kabisa ni mchanganyiko wa juu-chini na chini-juu ukiwa na alama ya kutoa katikati, na katika hali hiyo spini mbili hupingana kwa mhimili wowote utakaouchagua, jambo ambalo sindano mbili haziwezi kulifanya hata kidogo. Tofauti yake si ya maneno. Tukipima nishati kwa kipimo cha nguvu inayoziunganisha spini hizo mbili, sindano mbili zinazopingana hutoa robo chini ya sifuri, na jozi halisi ya kwanta hutoa robo tatu chini ya sifuri. Nilipowapa wanafunzi spini nne katika pete waikokotoe kwa karatasi, picha ya sindano iliwapa hasi moja na hesabu kamili ikawapa hasi mbili. Kwa mnyororo usio na mwisho, ambao Bethe aliufungulia njia mwaka 1931, nishati kwa kila spini ni takribani hasi 0.443 dhidi ya robo ile ile ya sindano. Hesabu hiyo ya spini nne inafaa kabisa kuingia kwenye kitini, kwani haihitaji zaidi ya jedwali la namba na subira ya mchana mmoja.

Hapo pia ndipo ungeelezwa ukomo wa ubao. Ili kueleza hali ya sindano 64 unahitaji pembe 64, ambazo zinaenea kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Ili kueleza kikamilifu spini 64 za kwanta unahitaji namba changamano ambazo idadi yake ni mbili kwa kipeo cha 64, yaani zaidi ya bilioni 18 mara bilioni. Idadi ya sindano ni sawa na ya kete za bao la Kiswahili, na mtu anazishika zote kwa viganja viwili. Lakini kwa kumbukumbu ya baiti 16 kwa kila namba, kuhifadhi hali moja tu ya spini hizo kungejaza simu zaidi ya bilioni mbili za gigabaiti 128. Fundi aliposikia hesabu hiyo alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama spini 10 zingewezekana. Zinawezekana: namba 1,024, na kompyuta yoyote ya ofisini inazimudu.

Je, shilingi 85,000 ni halali yake? Kwa shule yenye mwalimu atakayesimama kando ya ubao na kuusahihisha, ndiyo, na sijaona hapa mjini kifaa kingine kinachoonyesha maeneo ya usumaku na mipaka yake waziwazi namna hii kwa bei hiyo. Kwa mwanafunzi anayejisomea peke yake nyumbani ningemshauri asubiri, maana bila mtu wa kumwambia kwamba sindano ni wastani na kwamba chuma hakipangwi na mvuto wa sumaku, atajifunza kosa kwa uhodari. Ningependa pia toleo ambalo nafasi kati ya dira zinaweza kuongezwa, ili mwanafunzi aone mpangilio ukivunjika majirani wanapoachana.

Fundi amekubali kuubadilisha ukurasa wa 9, na tumeandika pamoja aya mbili za Heisenberg pamoja na swali la spini nne. Vitini vilivyokwisha kuchapwa, hata hivyo, anaviuza kama vilivyo mpaka viishe. Anayeununua ubao wiki hii amwombe karatasi ya marekebisho, ambayo mara ya mwisho niliiona kwenye droo ya kushoto, pamoja na nta.