Ukalimani wa Kiswahili kwa simu katika vituo vya kuzuilia wahamiaji Uingereza: tathmini ya kampuni niliyoifanyia kazi miaka mitatu

Kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikipokea simu kwa niaba ya kampuni ya ukalimani ambayo wateja wake, mbali na hospitali na halmashauri za miji, ni vituo vya kuzuilia wahamiaji hapa Uingereza. Jina lake nitalihifadhi, kwa kuwa bado nina mkataba nayo, na kwa kuwa wakalimani wenzangu wa kampuni nyingine hunieleza mambo yanayofanana na haya. Naandika kwa ajili ya Waswahili wanaoniuliza, karibu kila mwezi, kama kazi hii inafaa. Inafaa. Kampuni inaunganisha simu kwa haraka ya kusifika na inalipa tarehe ile ile iliyoahidi. Lakini inauza Kiswahili kama bidhaa ya aina moja, na anayebeba gharama ya kosa hilo ni mtu aliyezuiliwa. Kwa sababu hiyo naipa nyota tatu kati ya tano.

Kwa asiyevifahamu, vituo hivi si magereza kwa mujibu wa sheria, ingawa milango yake hufungwa kwa ufunguo. Harmondsworth na Colnbrook viko jirani na uwanja wa ndege wa Heathrow, Brook House na Tinsley House viko Gatwick, Yarl's Wood kiko Bedfordshire, Dungavel kiko Uskoti, na Derwentside kiko kaskazini, katika kaunti ya Durham. Wanaowekwa humo ni watu ambao Wizara ya Mambo ya Ndani inataka kuwaondoa nchini, au ambao bado inachunguza hali yao, na sheria haikuweka kikomo cha jumla cha siku ambazo mtu mzima anaweza kuzuiliwa. Ndiyo maana swali ninalolisikia kuliko mengine yote ni "Nitatoka lini?" Ofisa hana tarehe ya kumpa, na mimi ndiye ninayelazimika kulisema hilo kwa Kiswahili, tena kwa nafsi ya kwanza kama taratibu za ukalimani zinavyotaka: "Sina tarehe ya kukupa."

Kujiunga kulinichukua wiki tisa. Walitaka cheti cha ukalimani wa huduma za umma, uchunguzi wa rekodi ya jinai, uthibitisho wa haki ya kufanya kazi nchini na wadhamini wawili. Yote hayo ni ya haki, na ningeingiwa na wasiwasi kama wasingeyataka. Ukafuata mtihani wa nusu saa kwa simu. Mtahini, mtu mwenye adabu na Kiswahili safi cha Nairobi, alinisomea mazungumzo ya daktari na mgonjwa, kisha ya polisi na mtuhumiwa, akaridhika. Hakuniuliza ni Kiswahili gani ninakisikia vyema. Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Kimtang'ata nimekisikia tangu utotoni, Kiswahili sanifu nimekisomea, Kiamu nakielewa nikitega sikio, na Kiswahili cha Kongo, siku ile, nilikuwa sikijui hata robo. Kwenye fomu kulikuwa na kisanduku kimoja tu kilichoandikwa Kiswahili, nikakitia alama.

Simu huingia kupitia programu ya simu ya mkononi. Unajitambulisha kwa namba bila kutaja jina, unaeleza kwamba utatafsiri kila kitakachosemwa na kwamba utatunza siri, kisha kazi inaanza. Chumba cha upande wa pili hukioni, lakini baada ya muda unajifunza kukisikia: mlango mzito, redio za maofisa, mwangwi wa simu iliyowekwa katikati ya meza. Kijana mmoja wa Unguja, aliposikia sauti yangu ya utu uzima, alianza kwa "Shikamoo, mama". Kanuni za kampuni zinamkataza mkalimani kusema na mteja jambo lolote lisilotafsiriwa. Niliitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha nikamweleza ofisa kwamba kijana amenisalimu salamu ya heshima nami nimeipokea. Ofisa akasema sawa. Yalipita kama sekunde nne, na kijana aliyekuwa akijibu kwa neno moja moja akaanza kueleza mambo yake kwa kirefu. Wakaguzi wa ubora wa kampuni walisikiliza rekodi ile na kunikata alama kwa kosa waliloliita mazungumzo ya pembeni. Niliandika barua ya kupinga, nikifafanua kwamba kwa mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili kunyamaziwa shikamoo ni sawa na kufukuzwa mlangoni, na baada ya wiki tatu alama zikarudishwa pamoja na maneno ya kuomba radhi. Hilo nalihesabu upande wa sifa za kampuni. Kuna mtu ofisini anayesoma barua.

Tatizo kubwa liko kwenye kile kisanduku kimoja. Simu nyingi ninazopokea kutoka vituoni ni za watu wa mashariki ya Kongo, wa Goma, Bukavu na Uvira, na wachache wa Lubumbashi. Siri ya kazi hainiruhusu kusimulia kesi ya mtu, lakini maneno naweza kuyataja. Chukua neno yaya. Kwetu pwani, na hata Nairobi, yaya ni mwanamke aliyeajiriwa kulea mtoto. Kwa Mkongo, yaya ni kaka au dada mkubwa. Mtu akisema, "Yaya yangu alinificha kwake," mkalimani asiyejua atatafsiri kwamba alifichwa na mlezi wa kuajiriwa, na baadaye msoma faili atajiuliza imekuwaje familia iliyoelezwa kuwa ya wakulima masikini iwe na mtumishi wa ndani. Shaka ya aina hiyo, ikishaingia kwenye karatasi, haitoki kirahisi. Au chukua ile -ka inayobandikwa mwishoni mwa kitenzi, kama katika "balinipigaka". Sikio la Tanga linaweza kuidhania ni pambo, kumbe imebeba habari ya wakati, kwamba jambo ni la zamani au lilikuwa likirudiwa. Ukiiacha, mtu aliyepigwa mara nyingi anaandikwa kuwa alipigwa mara moja. Nilichukua karibu mwaka mzima kujifunza haya, kwa gharama yangu, kwa kuketi na mama mmoja wa Bukavu anayeishi mtaa wa pili na kumwomba anizungumzie kama anavyozungumza na dada zake.

Kwa Wabajuni, watu wa pwani ya kusini ya Somalia na kaskazini ya Kenya wenye lahaja yao ya Kiswahili, Kibajuni, mambo ni mazito zaidi, maana kwao lugha yenyewe ndiyo kesi. Mbajuni wa visiwa vya kusini mwa Kismayu, wa Chula au wa Koyama, mara nyingi hana hati yoyote ya kuonyesha. Alicho nacho ni ulimi wake. Mwaka 2004 baraza la rufaa za uhamiaji la Uingereza lilitoa uamuzi wa mwongozo, yaani wa kuongoza kesi nyingine zinazofanana, uliogusa moja kwa moja swali la kama mwombaji anayejitaja kuwa Mbajuni anakijua Kibajuni, na kwa miaka mingi wizara iliitumia kampuni ya Sweden kuchanganua sauti za waombaji waliosema wanatoka Somalia, ili ijulikane kama usemi wao ni wa huko au ni wa Kenya. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza ililazimika kuweka mipaka kuhusu taarifa hizo, hasa pale wachanganuzi walipotoa maoni juu ya mambo yaliyo nje ya utaalamu wao. Sasa mtu wa namna hiyo anaunganishwa na mkalimani wa Kiunguja, naye, kwa adabu tu, anaweka kando Kibajuni chake na kujikaza kusema Kiswahili cha redio ili aeleweke. Yule muchu wa nyumbani kwao anageuka kuwa mtu, na kila anapojirahisisha kwa ajili ya mkalimani anafuta ushahidi pekee alionao.

Nikilitambua hilo, huomba ruhusa ya ofisa nimwambie mzungumzaji atumie lugha ya nyumbani kwake, na nikiona maneno yanapita bila mimi kuyashika, husema wazi kwamba sifai kwa simu hii na kuomba atafutwe mwingine. Hapo ndipo lawama yangu kubwa kwa kampuni ilipo. Mfumo wao huihesabu simu hiyo kuwa imekataliwa, na mkalimani mwenye simu nyingi zilizokataliwa hushushwa kwenye foleni, akapata kazi chache wiki inayofuata. Kwa maneno mengine, mkalimani anayekiri mpaka wa ujuzi wake anakatwa riziki, na anayebahatisha anaendelea kupokea simu. Sijapata kusikia hoja inayoweza kuutetea utaratibu huo.

Malipo ni kwa dakika, na dakika huanza kuhesabiwa pale tu mkalimani anapounganishwa, kusubiri hakulipwi. Kwa simu za hospitali za kawaida sioni ubaya, lakini vituoni malipo ya dakika hulisukuma kila jambo liende mbio, kwa kuwa mteja naye anatozwa hivyo hivyo. Uharibifu wake huonekana kwa daktari. Kanuni ya 35 katika Kanuni za Vituo vya Kuzuilia za mwaka 2001 inamtaka daktari wa kituo aandike taarifa kuhusu mtu yeyote ambaye daktari huyo anahofia kwamba huenda aliteswa, na taarifa hiyo inaweza kuwa sababu ya mtu kuachiliwa. Daktari huuliza, "Umewahi kuteswa?" Kwa Kiswahili chetu kuteswa ni neno pana. Mtu ateswa na askari, ateswa na mume, ateswa na maisha. Nimesikia jibu la "Ndiyo, nimeteswa sana" likiwa na maana ya njaa na kodi ya nyumba, na nimesikia "Hapana" kutoka kwa mtu ambaye, alipoulizwa tena kama kuna aliyemfunga mikono au kumchoma, alikaa kimya kwa muda mrefu kisha akaanza kueleza. Mkalimani ana haki ya kusema, "Mkalimani anaomba swali lifafanuliwe." Wanaoitumia haki hiyo ni wachache, kwa kuwa upande wa pili wa simu kuna mtu anayetazama saa.

Kwa mawakili ni hivyo hivyo. Katika utaratibu wa ushauri wa bure vituoni, mtu hupewa dakika 30 za kwanza na wakili. Ukiwepo ukalimani, kila sentensi husemwa mara mbili, kwa hiyo kinachobaki ni kama dakika 15 za kueleza maisha yake yote.

Kuhusu kumtunza mkalimani mwenyewe, kampuni ina namba ya simu ya ushauri nasaha, na nilipoitumia nilihudumiwa kwa upole. Kasoro iko kwenye mfumo. Usiku mmoja nilimaliza simu ya dakika 47 ambayo sitaisahau, na kabla sijanywa maji ikaingia nyingine, ya mtu aliyetaka kubadilisha miadi ya daktari wa meno. Kitufe cha kujiondoa kwa muda kipo, ila nacho kinakushusha kwenye foleni.

Wapo wanaoniuliza kama si afadhali kuomba kazi ya ofisa wa ulinzi ndani ya vituo, inayotangazwa mara kwa mara na isiyodai uzoefu. Sijaifanya, hivyo siitathmini. Ninachomwambia kila anayetaka kuiomba ni asome kwanza ripoti ya uchunguzi wa Brook House iliyoongozwa na Kate Eves na kutolewa Septemba 2023, baada ya kamera ya siri ya BBC kuonyesha mwaka 2017 jinsi waliozuiliwa walivyotendewa. Ripoti ina mapendekezo 33, moja likiwa ni kuweka kikomo cha siku 28 za kumzuilia mtu, na imeeleza kwa kina namna watu wa kawaida, waliokuja kutafuta mshahara, walivyozoea kusema na kutenda yasiyosemeka. Ajira nyingine humo ni za waliozuiliwa wenyewe, wanaofagia, wanaopika na wanaonyoa wenzao kwa pauni 1 kwa saa. Nimewahi kutafsiri maelezo ya kazi hiyo kwa mzee wa makamo ya baba yangu. Aliniomba nirudie kiasi hicho mara mbili, akidhani mkalimani amekosea tarakimu.

Anayeifaa kampuni hii ni mtu mwenye chanzo kingine cha kipato, mwenye chumba chenye utulivu na mlango unaofungika, na aliye tayari kujifunza Kiswahili cha wengine bila kulipwa kwa masomo hayo. Mara ya tatu nilipowaandikia, mwezi Machi, kuomba kile kisanduku kigawanywe walau mara tatu, kiwepo cha Afrika Mashariki, cha Kongo na cha Kibajuni, nilijibiwa kwa heshima kwamba pendekezo limepelekwa kwenye idara ya mifumo. Jana usiku, kabla ya zamu, nilifungua programu na kukuta kisanduku bado ni kimoja. Ukiomba kazi hapo, andika mwenyewe kwenye barua ya maombi ni Kiswahili gani unakisikia na kipi hukisikii, na utake maneno hayo yahifadhiwe kwenye faili lako. Mimi sikufanya hivyo, na zipo simu za mwaka wangu wa kwanza ambazo ningetamani zipokewe upya na mtu mwingine.