Makopo ya mbwa "bila nafaka": uzoefu wangu na Chui

Mie nafuga kuku wa nyama huku Fuoni na Chui ndo mlinzi wa banda, kwa hiyo maustadhi msinianze, mbwa wa ulinzi huyo, bakuli lake liko nje na halikutani na vyombo vya ndani. Sasa Chui alikuwa anajikuna yakhe mpaka usingizi hatupati, tumboni manyoya yamenyonyoka ngozi imekuwa nyekundu, katikati ya vidole analamba mpaka panaloa, masikio yananuka kama ndoo ya dagaa iliyosahauliwa juani. Daktari wa mifugo akaanza na viroboto maana hao ndo huwasha mbwa wengi, tukamtibu, akapata nafuu kidogo tu, akasema haya sasa tutizame chakula.

Hapo kila mtu akawa na lake. Jirani kashikilia ni ugali huo, mnunulie makopo yale yasiyo na nafaka. Nikayapata supamaketi moja mjini, bei yake we acha tu, kopo moja la gramu 400 ni kitoweo cha nyumba nzima. Mbele limeandikwa bila nafaka, lenye samaki, na picha ya samoni anang'aa. Chui akala mpaka akalamba bakuli likahama, choo kikawa kizuri, ila kujikuna palepale. Ndo nikawasha tochi ya simu nikasoma yale maandishi madogo ya nyuma: kuku, mchuzi wa kuku, maini ya kuku, halafu ndo samoni! Na ile orodha hupangwa kwa uzito, cha mwanzo ndo kingi. Kwa kanuni za Marekani kopo la "lenye samaki" linatosha kuwa na asilimia 3 ya huyo samaki, bas.

Daktari alicheka. Akanambia mzio wa chakula kwa mbwa mara nyingi unatokana na nyama ya ng'ombe, maziwa na kuku, ngano nayo imo, lakini mahindi na mchele ni kwa nadra. Yaani mlinzi wa kuku anadhurika na kuku, na kila tukichinja vichwa na miguu vyake!

Kopo la pili shemeji aliniletea kwa boti toka Dar, hili samaki peke yake, na viazi na njegere, hamna mnyama mwengine. Masharti ni wiki 8 hicho tu, hata kipande cha mkate hapana, na hapo ndo kazi maana watoto wanamrushia mifupa chini ya meza ya baraza. Kabla muda haujaisha tumbo likaanza kuota manyoya na usiku kimya. Tukamjaribu na kuku kidogo, haikuchukua muda kaanza kujikuna upya. Tukamjaribu na ugali, hakuna kitu! Hivyo kwa Chui nafaka wamesingiziwa.

Kopo la samaki nalipa alama nne kwa tano. Ubaya wake karibu robo tatu ni maji, mbwa mkubwa hashibi kwa moja, na likifunguliwa linataka friji, sasa umeme ukikatika na joto la kaskazi ndo linaishia jaani, nunueni madogo. Tizameni pia liwe limeandikwa chakula kamili, mengine ni ya kuonjesha tu. Na mwaka 2018 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, walianza kuchunguza maradhi ya moyo kwa mbwa wanaokula vyakula visivyo na nafaka, hasa vyenye njegere na dengu nyingi, hawajathibitisha kuwa ndo chanzo, lakini mie kwa vile ugali haumdhuru sioni haja ya kumwekea makopo hayo maisha yake yote. Daktari kanipangia kopo kidogo, vibua vya kuchemsha vilotolewa miba, na ugali.

Kuna anayejua duka hapa Unguja linalouza ya samaki mtupu kwa katoni? Shemeji kashachoka kubeba.